Maji Yaliyo Chini ya Miguu Yetu: Siku ya Kupima Visima Kisiwani Lamu



 Katika makala haya tunataka kueleza jambo ambalo kila mtu wa Lamu analitumia kila siku lakini ni wachache wanaoliuliza. Maji matamu tunayoteka visimani yanatoka wapi? Yamekaaje chini ya kisiwa kilichozungukwa na bahari pande zote? Na ni kitu gani kinachoweza kuyaharibu?

Mwaka huu walimu wetu waliona kwamba maswali haya hayatoshi kujibiwa darasani. Wakapanga siku moja ya masomo ya nje kwa wanafunzi wa madarasa ya juu, wavulana na wasichana, kila kundi na mwalimu wake. Tuliyoyaona na tuliyofundishwa siku hiyo ndiyo tunayowaletea hapa, ili na wadogo zetu na wazee wetu majumbani wafaidike.

VIFAA VYETU NA SIKU TULIYOICHAGUA

Hatukuwa na mitambo mikubwa. Kila kundi lilipewa kamba yenye alama za sentimita na kijiwe kilichofungwa mwisho wake, ndoo safi, chupa tupu zenye vifuniko, saa, daftari na penseli. Madrasa iliazima pia kipimo kidogo cha mkononi ambacho hutumbukizwa katika maji kikaonyesha namba. Kipimo hiki hupima jinsi umeme unavyopita katika maji. Maji yasiyo na chumvi hupitisha umeme kwa shida, na chumvi ikizidi umeme hupita kwa wepesi. Kwa hivyo namba ndogo ni maji matamu na namba kubwa ni maji ya chumvi. Maji ya mvua hutoa namba ndogo sana, na maji ya bahari hufika kama maikrosimensi 50,000 kwa sentimita.

Siku haikuchaguliwa ovyo. Tulitaka siku ya bamvua, ambapo bahari hupwa sana na kujaa sana. Ndugu msomaji, hapa kalenda yetu ya Hijria inatusaidia. Bamvua huja mwezi unapoandama na tena unapokuwa mpevu, yaani karibu na tarehe mosi na tarehe 15 za mwezi wa Kiislamu, na nguvu yake huonekana siku moja au mbili baadaye. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa karibu na saa nne asubuhi na kujaa karibu na saa kumi alasiri. Mwanafunzi anayejua tarehe ya Hijria anaweza kukisia hali ya bahari bila ya kutoka nyumbani.

Kabla ya kuondoka tulipewa masharti matatu. La kwanza, hakuna kuinama juu ya kisima wala kuingia ndani yake. La pili, hakuna kutumbukiza kamba au ndoo ambayo haijaoshwa, kwa sababu kisima ni cha watu. La tatu, hakuna kuonja maji tusiyoyajua.

ASUBUHI: MCHANGA WA SHELA

Tulianza asubuhi na mapema katika vilima vya mchanga vya Shela. Wengi wetu tulikuwa tukivijua kama mahali pa kuteleza na kucheza tu. Mwalimu alituambia, "Mmesimama juu ya tangi la maji la mji wenu."

Tulifanya majaribio mawili mepesi. Kwanza tulichimba kwa mikono. Juu mchanga ulikuwa mkavu, unachuruzika baina ya vidole. Tulipozidi kuteremka tukaufikia mchanga wa baridi na unyevu, unaoshikamana ukiufumba ndani ya kiganja. Pili, tulimimina maji kiasi kimoja mahali pawili: juu ya mchanga mlegevu, na juu ya njia iliyokanyagwa na watu na punda mpaka ikashindiliwa. Juu ya mchanga maji yalinywewa papo hapo. Njiani yalisimama, yakatiririka kando, na mengine yakabaki kwa jua.

Katika majaribio haya mawili ndimo ilimo siri ya Lamu. Kisiwa chetu hakina mto wala ziwa. Maji yake matamu ni ya mvua, hasa ya masika, ambayo hunyesha kwa wingi mwezi wa Mei, na kidogo ya vuli. Mvua ikianguka juu ya mchanga mlegevu huzama upesi kabla ya jua kuichukua, ikashuka polepole, ikachujwa na chembe za mchanga, mpaka ikafika pale ambapo kila nafasi baina ya chembe imejaa maji. Hapo ndipo tunapopaita usawa wa maji ya ardhini. Kwa miaka mingi mji wa Lamu umetegemea visima vilivyochimbwa pembezoni mwa vilima hivi, na maji yake husukumwa kwa pampu mpaka mjini.

Katika Surat Al-Mu'minun, aya ya 18, Mwenyezi Mungu anatukumbusha kwamba maji huteremshwa kutoka mbinguni kwa kipimo, yakatuzwa ardhini, na kwamba Yeye ni Muweza wa kuyaondoa. Mwalimu alitutaka tulishike neno hilo la kipimo, kwani ndilo tulilokutana nalo siku nzima.

DENGU INAYOELEA

Sasa tueleze namna maji hayo yanavyokaa. Watu wengi hudhani kwamba chini ya kisiwa kuna mwamba mzima unaoizuia bahari isiingie. Sivyo. Mchanga na jiwe la matumbawe vina vitundu vingi, na maji ya bahari yanapenya mpaka chini ya kisiwa. Kinachoyazuia yasipande ni maji matamu yenyewe.

Lita moja ya maji matamu ina uzito wa kilo moja. Lita moja ya maji ya bahari ina kama gramu 35 za chumvi, na uzito wake ni kama kilo 1.025. Maji matamu ni mepesi kidogo, kwa hivyo huelea juu ya maji ya bahari bila ya kuchanganyika sana, maadamu hayajavurugwa. Umbo lake ni nene katikati ya kisiwa na jembamba ukingoni, mfano wa punje ya dengu. Wataalamu huliita lenzi, na katika Kiarabu lenzi huitwa 'adasa, kutokana na 'adas, yaani dengu hizo hizo tunazopika.

Je, dengu hiyo ina kina gani? Mholanzi Badon Ghijben mwishoni mwa karne ya 19, na Mjerumani Alexander Herzberg mwaka 1901, kila mmoja kwa njia yake walifikia hesabu moja ambayo mwanafunzi yeyote anaweza kuifuata. Maji matamu yenye kina cha mita 41 yana uzito sawa na maji ya bahari yenye kina cha mita 40. Basi ili mizani ilingane, kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, panakuwa na kama mita 40 za maji matamu chini yake.

Hesabu hii inafurahisha, lakini pia inatisha. Tuchukue mfano. Tuseme mahali fulani usawa wa maji ya ardhini uko sentimita 25 tu juu ya usawa wa bahari. Zidisha kwa 40, utapata mita 10 za maji matamu chini ya bahari. Sasa tuseme watu wakateka sana mpaka usawa ukashuka kwa sentimita 10, urefu wa kiganja. Zidisha tena kwa 40. Baada ya muda maji ya chumvi yatakuwa yamepanda mita 4 kutoka chini. Juu umeona upungufu wa kiganja kimoja. Chini umepoteza mita nne. Hesabu hii ni ya makadirio, kwa kuwa baina ya maji hayo mawili kuna tabaka la maji ya chumvichumvi na ardhi haifanani kila mahali, lakini maana yake haibadiliki.

Ndugu msomaji, unaweza kuliona jambo hili nyumbani. Chukua glasi ya kioo, tia maji nusu, koroga chumvi nyingi mpaka iyeyuke. Tia rangi ya chakula katika maji matamu kidogo, kisha yamimine taratibu sana juu ya mgongo wa kijiko kilichogusa ukingo wa glasi. Maji yenye rangi yatakaa juu. Sasa koroga kwa kijiko mara moja tu, halafu jaribu kuyatenganisha. Hutaweza.

VISIMANI: BAHARI INAPOPWA NA KUJAA

Kutoka vilimani tuligawanyika. Kundi moja lilikaa kwenye kisima kilicho karibu na ufuo, na kundi la pili kwenye kisima kilicho ndani zaidi ya kisiwa. Kila nusu saa, kuanzia saa tatu asubuhi, tuliteremsha kamba mpaka kijiwe kikagusa maji, tukasoma alama kwenye ukingo wa kisima, tukaandika saa na kipimo. Tulisimama kwa ajili ya Swala ya Adhuhuri na chakula, na walimu wawili wakabaki wakiendelea kupima kwa zamu ili safu za daftari zisikatike.

Katika kisima cha ufuoni, maji yalishuka bahari ilipopwa na yakapanda ilipojaa, ingawa kisimani hakuna mfereji wowote unaokiunganisha na bahari. Sababu ni kwamba dengu yetu inaelea: bahari ikipanda huisukuma juu, ikishuka huiachia. Lakini maji ya kisima hayakwenda sawa na bahari. Bahari ilipokwisha kugeuka na kuanza kujaa, kisima kiliendelea kushuka kwa muda, kwa sababu msukumo huchukua wakati kupita katika mchanga. Katika kisima cha ndani kamba ilionyesha tofauti ndogo mno. Hivyo tukajifunza kwamba mwendo wa bahari hupungua na huchelewa kila unavyokwenda mbali na ufuo.

Baadaye tulipima chumvi. Maji ya kisima cha ufuoni yalitoa namba kubwa kuliko ya kisima cha ndani, na maji tuliyoyapata chini ya kisima yalikuwa na chumvi zaidi kuliko ya juu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba maji yenye chini ya miligramu 600 za vitu vilivyoyeyuka katika lita moja huwa na ladha nzuri, na yakizidi miligramu 1,000 ladha yake huanza kumchukiza mnywaji.

Bibi mmoja aliyekuja kuteka maji alitutazama na kipimo chetu, akacheka, akasema, "Wanangu, nyinyi mna mashine. Mimi napima kwa sabuni." Akatueleza kwamba mwisho wa kaskazi, kabla ya masika, sabuni haitoi povu vizuri na maharage yanakawia kuiva, na mvua zikishanyesha hali hurudi. Tulimshukuru sana. Mwalimu akasema kwamba maneno ya bibi ni elimu ya kweli: chokaa ya matumbawe na chumvi ndizo zinazozuia povu, na miezi ya Januari hadi Machi, ambayo ni mikavu, ndiyo dengu inapokonda. Vipimo vya siku moja havitoshi kusema kisima kinaharibika au kinatengenea. Inafaa kupima pale pale mwisho wa kaskazi na baada ya masika, mwaka baada ya mwaka.

CHUMVI HUINGIAJE?

Tuliyoyaona yanatupa njia kuu tatu za kuharibika kwa maji matamu ya kisiwa.

(a) Kuteka kwa pupa mahali pamoja. Mtu anayeteka kwa ndoo huyapa maji nafasi ya kurudi. Pampu yenye nguvu hushusha maji kwa ghafla mahali padogo, na papo hapo chini ya kisima chumvi huinuka mfano wa kichuguu. Kisima kikishaingiwa na chumvi huchukua muda mrefu kupona, hata ukiacha kuteka. Kwa hiyo wataalamu hushauri kuteka kidogo kidogo kutoka visima vingi vilivyotawanyika.

(b) Kuziba au kuondoa mchanga. Kila nyumba, ua wa saruji na njia iliyoshindiliwa juu ya vilima hupunguza mahali pa mvua kuzama. Kila shehena ya mchanga inayochukuliwa kwa ujenzi hupunguza kichujio na ghala. Ndiyo maana vilima vya Shela vikawekwa chini ya ulinzi wa sheria, na ndiyo maana watu wa Lamu wamelalamika kila walipoona viwanja vikikatwa juu yake.

(c) Kupanda kwa bahari na kupungua kwa mvua. Haya hayamo mikononi mwa mtu mmoja, lakini yanatulazimisha kuwa waangalifu zaidi katika hayo mawili ya kwanza.

Hili si jambo la kufikirika tu. Ng'ambo ya mkondo, katika kisiwa cha Manda, umo mji wa Takwa. Uliishi watu katika karne za 15 hadi 17, ukiwa na Msikiti wa Ijumaa, nyumba za mawe na ukuta. Leo ni magofu. Miongoni mwa sababu zinazotajwa na wataalamu za kuhamwa kwake ni visima kuingia chumvi. Watu wa Shela huhesabu asili yao kutoka huko, na wamekuwa na desturi ya kurudi Takwa kuomba mvua. Manda ilibaki mahali pa kutegemea jabia, yaani mabirika ya kukusanyia maji ya mvua. Mji haukuondoka kwa sababu ya vita peke yake wala maradhi peke yake. Maji yakiondoka, watu huyafuata.

MAJI TWAHARA NA MAJI SALAMA

Mchana, baada ya Swala, tuliuliza swali la fiqhi: je, kisima kikiwa na chumvi, kinafaa kutawadhia? Ustadhi wetu alijibu kwamba maji ya bahari yenyewe ni twahara na yanatwaharisha, basi chumvi ya kisimani haizuii udhu. Na katika madhehebu ya Imam Shafi, maji yakifika kulla mbili hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu.

Lakini akatuonya tusichanganye mambo mawili. Vijidudu vya kuharisha, homa ya matumbo na kipindupindu havibadilishi rangi, ladha wala harufu. Maji yanaweza kufaa kwa udhu na yasifae kunywewa mpaka yachemshwe au yatiwe dawa. Katika mji mkongwe, ambako nyumba zimebanana, mashimo ya vyoo na visima viko karibu mno, na mchanga huohuo unaopitisha mvua hupitisha na uchafu. Kanuni inayotumika sana ni kwamba choo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani, na sakafu ya shimo iwe juu ya usawa wa maji kwa mita moja na nusu au zaidi. Tukumbuke pia kwamba kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi chumvi, bali huizidisha kwa vile maji hupungua.

Mafakihi wetu wa zamani walilijua jambo hili kwa namna yao. Vitabu vya fiqhi vina mlango wa harimu ya kisima, yaani eneo linalokizunguka ambalo mwengine haruhusiwi kuchimba humo kitu kitakachokidhuru. Na mwanachuoni Al-Karaji, mwanzoni mwa karne ya 11, aliandika kwa Kiarabu kitabu kizima juu ya kuyatafuta na kuyatoa maji yaliyofichika ardhini, pamoja na ala za kupimia usawa. Elimu ya maji si ngeni kwetu. Sisi ndio tulioisahau.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tupunguze israfu. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, nayo ni kiasi cha viganja viwili vilivyojaa, kama theluthi mbili ya lita hivi. Kabla ya Swala ya Alasiri tulitawadha kwa mfereji juu ya ndoo ili kupima, na kila mmoja wetu alipata lita kadhaa ndani ya ndoo yake. Tulipotumia kata, kama wazee wetu walivyokuwa wakichota kwenye birika la msikiti, maji yalipungua sana.

Pili, tuvune mvua. Paa na sakafu ya juu ya nyumba vinaweza kujaza birika wakati wa masika. Wazee wetu waliweka samaki wadogo ndani ya birika wale viluwiluwi vya mbu.

Tatu, tusichukue mchanga vilimani, na tusinyamaze tukiona wengine wanachukua. Tuwaeleze kwa adabu, na tupeleke habari kwa wanaohusika.

Nne, kila mtaa uwe na daftari la kisima chake. Kamba yenye alama na kalamu vinatosha. Madrasa yetu imeazimia kupima visima vile vile viwili mara mbili kila mwaka, na daftari litahifadhiwa maktabani ili wadogo zetu waliendeleze.

Sayyidna Uthman (R.A.) alikinunua kisima cha Ruma huko Madina akakifanya waqfu kwa Waislamu. Sisi hatukununua kitu. Tumekuta dengu ya maji imeshaelea chini ya miguu yetu, na kazi tuliyobakishiwa ni kuilinda. Ni amana, na amana huulizwa.